Maisha ya Muhammed Said Abdulla, Mwandishi wa Bwana Msa

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne huulizwa mara nyingi kuhusu taharuki. Huulizwa imejengwa vipi katika riwaya teule, imemsaidia vipi mwandishi kuendeleza maudhui, na msomaji anafungwaje asiweke kitabu chini. Wengi hujibu kwa kutaja matukio na kuyahesabu, kisha hushangaa wanapopata alama chache. Sababu ni kwamba taharuki haitoki kwenye tukio lenyewe. Hutoka kwenye jambo ambalo mwandishi amelificha na kwa mpangilio anaoufuata kulifichua. Katika Kiswahili, mtu aliyetufundisha kuficha na kufichua kwa njia hiyo katika riwaya ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kwa sababu hiyo tunasimulia maisha yake hapa kabla ya kuingia katika uchambuzi wa mbinu.

Tutenganishe kwanza maneno mawili ambayo watahiniwa huyachanganya. Jasusi ni mtu anayetumwa na nchi au kundi kuchukua siri za adui, naye hufanya kazi kwa kujificha na kwa jina la bandia. Mpelelezi hutafuta ukweli wa jambo lililokwisha kutokea: nani ameua, nani ameiba, nani anasema uongo. Ukipenda visa vya bastola, ndege na hoteli za kifahari, unachopenda ni ujasusi. Ukipenda kukaa na fumbo na kulizungusha kichwani hadi lifunguke, unachopenda ni upelelezi. Katika Kiswahili upelelezi ulitangulia, na ujasusi ukaja nyuma yake ukipita njia iliyokwisha kufyekwa.

Kuzaliwa na kazi ya kwanza

Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka wa 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Makunduchi ni mji wenye mila zake. Hapo ndipo hufanyika Mwaka Kogwa, sherehe ya kuupokea mwaka mpya wa jadi, ambapo kibanda cha makuti hutiwa moto na watu huoga baharini. Lahaja ya huko ni tofauti na ile ya mjini Unguja, ambayo ndiyo iliyochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Alipozaliwa, Zanzibar ilikuwa na Sultani, lakini tangu 1890 ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Utajiri ulitokana na karafuu. Waliokuwa na mashamba makubwa ya mikarafuu walikuwa na sauti, na waliochuma karafuu hizo hawakuwa nayo. Ukielewa jambo hilo moja, utaelewa kwa nini katika riwaya zake kuna matajiri wengi wenye mashamba, na kwa nini urithi ni jambo la kufa na kupona.

Alimaliza masomo yake mwaka wa 1938, akaajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya. Vitabu vingi vya fasihi hupita hapa haraka, vikimaliza miaka kumi ya maisha ya mtu kwa sentensi moja. Sisi tutatua kidogo. Mkaguzi wa afya ni mtu anayeingia katika nyumba za watu. Hutazama visima, vyoo, mitaro na madimbwi yanayozaa mbu. Mwenye nyumba humwambia kwamba kila kitu ni safi, naye anapaswa kuinama aone kama ni kweli. Hujifunza kutolisadiki neno mpaka jicho limelithibitisha. Vilevile hujifunza jinsi watu wa tabaka mbalimbali wanavyoishi, kwa kuwa hupiga hodi kwa tajiri na kwa maskini. Kumbuka pia kwamba Arthur Conan Doyle, Mskoti aliyemuumba Sherlock Holmes mwaka wa 1887, alikuwa daktari, na kwamba mfano wa Holmes aliupata kwa mwalimu wake wa udaktari huko Edinburgh, Joseph Bell, aliyeweza kumtazama mgonjwa na kueleza mambo yake kabla hajafungua kinywa. Hatudai kwamba kila mkaguzi wa afya anaweza kuandika riwaya. Tunachosema ni kwamba kazi ya kutafuta chanzo cha ugonjwa inafanana sana na ya kutafuta mkosaji, na Abdulla aliifanya kwa miaka kumi kabla ya kuigeuza kuwa hadithi.

Chumba cha habari

Mwaka wa 1948, akiwa na umri wa miaka thelathini, aliiacha kazi ya serikali akawa mwanahabari. Alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda.

Yatazame majina hayo kwa makini. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilikuwa sauti ya upande wa Waafrika. Hiyo ilikuwa miaka ya siasa kali Visiwani, watu wakigawanyika kwa asili na kwa vyama, na magazeti yakirushiana maneno makali kila wiki. Mtu aliyepata kufanya kazi katika magazeti ya pande zote mbili alisikia kisa kimoja kikisimuliwa kwa njia mbili zinazopingana. Kwa mwandishi wa upelelezi hilo ni darasa lisilo na karo. Riwaya ya aina hii imejengwa juu ya mashahidi wanaotofautiana, na msomaji hupewa kazi ya kupima nani wa kuaminiwa.

Uandishi wa habari ulimpa jambo jingine, nalo ni lugha. Gazeti husomwa na mwenye duka, mvuvi na karani, kwa hiyo sentensi lazima ishikike mara moja. Soma ukurasa wowote wa Abdulla utaona kwamba wahusika wake wanazungumza kama watu wanavyozungumza barazani: wanataniana, wanakatizana, wanatumia methali mahali inapouma. Mwanafunzi wa Kinanie anayezungumza Kikamba nyumbani na Sheng' njiani huenda akakwama kwenye baadhi ya misemo ya Kiunguja. Asikate tamaa. Aandike msemo huo pembeni, aendelee kusoma, na kwa kawaida kurasa mbili mbele maana itajitokeza yenyewe.

Mwaka wa 1958 alihamia Mkulima, jarida la kilimo, akawa mhariri wake hadi alipostaafu mwaka wa 1968. Kwa hiyo riwaya ya kwanza ya upelelezi katika Kiswahili ilichapishwa wakati mwandishi wake alikuwa akihariri habari za mazao.

Mashindano ya Nairobi

Ili uelewe ukubwa wa alichokifanya, fikiria rafu ya vitabu vya Kiswahili ya wakati ule. Kijana aliyetaka hadithi ya kusisimua alipewa tafsiri. Mwaka wa 1929 Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kamati ya kusanifisha Kiswahili, alikuwa amekitafsiri kisa cha hazina cha Stevenson kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, na kisa cha Rider Haggard kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Ni visa vitamu, na vimewafurahisha vijana wengi. Lakini mwenye akili na ujasiri ndani yake ni mgeni kutoka Uingereza, na Mwafrika ni mbeba mizigo, mwongozaji njia, au adui. Upande wa pili wa rafu kulikuwa na Shaaban Robert, mwenye maadili mazito na Kiswahili cha kifahari, lakini nchi zake nyingi ni za kufikirika.

Mwaka wa 1957 na 1958 East African Literature Bureau, iliyokuwa na makao yake Nairobi, iliendesha mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili. Abdulla alipeleka mswada wake ukashika nafasi ya kwanza. Ulichapishwa mwaka wa 1960 kwa jina Mzimu wa Watu wa Kale, mwandishi akiwa na umri wa miaka arubaini na miwili. Yafaa kukumbuka kwamba kitabu hiki kinachonukia karafuu na bahari kilipitia Nairobi, mwendo mfupi tu kutoka Kinanie.

Kisa chenyewe kinaanzia mahali pa kutisha. Tajiri mwenye mashamba anakutwa amekufa katika mzimu, yaani mahali ambapo watu wa kale walipeleka sadaka na ambapo wanakijiji wanaogopa kupita. Kwa wengi jibu liko wazi: mzimu umemchukua. Bwana Msa halikubali jibu hilo. Yeye si askari polisi wala hana cheo chochote. Ni mtu mtulivu mwenye kiko mdomoni, anayefuatana na rafiki yake Najum, na silaha yake ni swali. Kila mmoja anayesema kuwa mzimu ndio uliofanya huulizwa alikuwa wapi, aliona nini, na nani atafaidika tajiri akifa.

Wasomaji waliofahamu fasihi ya Kiingereza walimwona Holmes mara moja katika kiko kile, na Watson katika Najum. Ni kweli, na Abdulla hakujificha. Hata hivyo kuna wahakiki waliotaka kuishia hapo, kana kwamba kuazima mfumo ni kuazima kila kitu. Tunadhani wamekosea. Holmes anaishi katika jiji ambalo tayari linaamini sayansi, na watu wanamstaajabia kwa sababu ana kasi kuliko wao. Bwana Msa anaishi mahali ambapo njia yake ya kufikiri yenyewe inabishaniwa. Kabla ya kumtafuta muuaji analazimika kuwashawishi watu kwamba muuaji yupo. Hilo halimo London, na ndilo linaloipa riwaya uzito wake.

Jina la mpelelezi huyu nalo lina mchezo. Msa ni kifupi cha Musa. Lakini chukua herufi za kwanza za Muhammed, Said na Abdulla, uziandike zikifuatana, uone unachopata.

Hofu kama pazia

Wanafunzi wa Ukambani wana nafasi nzuri ya kukielewa kitabu hiki kuliko wanavyodhani. Wazee wa Ukambani walikuwa na ithembo, mahali pa kutolea sadaka, mara nyingi chini ya mti mkubwa, na walizungumza kuhusu aimu, roho za waliotangulia. Mti kama huo haukukatwa ovyo. Heshima hiyo ilikuwa na kazi yake, na Abdulla haidharau. Haandiki kama mtu anayewacheka wanakijiji. Anachokishuku ni mtu mmoja mwerevu anayeijua hofu ya wenzake na kuitumia kama pazia, akijua kwamba baada ya watu kusema ni mzimu hakuna atakayeuliza swali la pili.

Jambo hili halijaisha. Katika Kaunti za Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi, na wanaofuatilia mauaji hayo wameeleza mara nyingi kwamba nyuma ya shutuma huwapo ugomvi wa shamba. Ukiuliza swali la Bwana Msa, yaani nani anafaidika, shutuma ya uchawi inaanza kufanana na kesi ya urithi. Huko Kinanie, ambako uwanda wa Athi unakatwakatwa kuwa viwanja na mawe ya mipaka yanapandwa kila mwezi, hakuna haja ya kumweleza mwanafunzi kwa nini ardhi inaweza kuwafanya watu wa damu moja wadhuriane.

Kwa mtihani, hapa ndipo pa kuonyesha uhusiano wa maudhui na mbinu. Ukiulizwa kuhusu ushirikina katika riwaya ya upelelezi, usiutaje peke yake kama dosari ya jamii. Onyesha kwamba ndio unaochelewesha ukweli, na hivyo ndio unaoitengeneza taharuki. Maudhui na muundo vinashikana hapo, na mtahini hutafuta mahali kama hapo.

Miaka ya Mapinduzi na vitabu vilivyofuata

Baada ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipita miaka minane bila riwaya nyingine. Katika miaka hiyo Zanzibar ilipata uhuru, tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Sultani alikimbia, wengi waliuawa, mashamba makubwa yalitaifishwa, na mwezi wa Aprili mwaka huohuo Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Abdulla alikuwa akihariri Mkulima kipindi chote hicho.

Riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, ilitoka mwaka wa 1968, mwaka wa kustaafu kwake. Giningi katika masimulizi ya Zanzibar ni nchi ya wachawi, kwa hiyo jina la kitabu tayari linatisha kabla hujakifungua. Baada ya hapo alipata mwendo: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Kalamu ilikuwa imefunguka, na mstaafu wa miaka hamsini na kitu alikuwa akitoa karibu kitabu kimoja kila mwaka.

Katika vitabu hivi vya baadaye damu inapungua. Fumbo haliwi tena nani ameua, bali nani ni mtoto wa nani, nani ameoa wapi, nani amerudi akiwa na jina jingine. Watu hupoteana na kukutana bila kujuana. Kuna wasomaji waliovunjika moyo, wakitaka maiti katika sura ya kwanza kama zamani. Lakini katika jamii ya bandari, ambamo damu za Afrika, Uarabuni, Bara Hindi na Ngazija zimechanganyika, swali la nani ni jamaa wa nani si dogo. Miaka michache kabla yake watu walikuwa wameuawa kwa sababu ya jibu la swali hilo.

Lawama iliyo nzito zaidi ni kwamba Mapinduzi yenyewe hayapewi nafasi katika riwaya zake kama yanavyopewa kwa waandishi wengine. Bwana Msa anaendelea kuvuta kiko katika Zanzibar inayoonekana kuwa ya kabla ya 1964, akiwa mtu wa starehe asiye na haja ya kutafuta riziki. Linganisha na Adam Shafi, ambaye katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) anamweka mtwana na bwana uso kwa uso, au na Said Ahmed Mohamed, ambaye riwaya yake ya Utengano (1980) iliwahi kutahiniwa hapa Kenya. Lawama hiyo ina ukweli, na mwanafunzi anayeitaja kwa ushahidi atapata alama. Lakini apime pia upande wa pili: mwandishi aliyeonyesha tena na tena kwamba utajiri wa mwenye shamba umezungukwa na siri, uongo na watu wanaosubiri afe, hakuwa akiusifu utajiri huo.

Waliopita njia yake

Mwaka wa 1965, miaka mitano tu baada ya Mzimu wa Watu wa Kale, Faraji Katalambulla wa Tanzania Bara alitoa Simu ya Kifo. Kasi iliongezeka na jiji likachukua nafasi ya kijiji. Kisha akaja Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka wa 1974, wakati nchi za kusini mwa Afrika zilikuwa bado zinapigania uhuru. Willy Gamba ana bastola, suti na nchi ya kuitetea. Ben Mtobwa alifuata na Joram Kiango. Vijana walivisoma vitabu hivi hadi majalada yakang'oka, na walimu wengi waliviita vya mitaani, visivyostahili darasa.

Ukambani nako kulitoa mchango, ingawa kwa Kiingereza. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, aliandika The Equatorial Assignment mwaka wa 1980 katika mfululizo wa Pacesetters uliolengwa vijana, na jasusi wake anaitwa Benni Kamba, namba 009. Mwanafunzi anayetaka kulinganisha anaweza kumweka Benni Kamba upande mmoja na Bwana Msa upande mwingine. Ataona kwamba Kamba hushinda kwa kutenda na Msa hushinda kwa kungoja. Ukijaribu kuandika kisa chako mwenyewe katika insha, utagundua kwamba kungoja ndiko kugumu zaidi. Kufukuzana kwa magari kunajiandika kwenyewe. Kumfanya msomaji abaki kwenye kiti huku watu wawili wanakunywa kahawa na kuzungumza kuhusu ufunguo uliopotea kunahitaji kwamba kila neno limewekwa kwa hesabu, na kwamba dalili ya ukweli imetajwa mapema, mbele ya macho ya msomaji, bila yeye kuitilia maanani.

Riwaya ya saba, Kosa la Bwana Msa, ilitoka mwaka wa 1984, mwandishi akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Lilikuwa jina la ajabu kwa wasomaji waliokuwa wamezoea kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba mpelelezi huyu hakosei. Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka wa 1991.